Je, wajua kwa nini watoto wa Urusi huijua Zanzibar kabla ya kuanza shule?

Mrusi anayeshuka uwanja wa ndege wa Zanzibar leo, awe kijana au babu, mara nyingi jina la kisiwa hicho hakulikuta kwanza kwenye tangazo la hoteli. Alilisikia akiwa mdogo, akisomewa shairi kabla ya kulala, sambamba na jina jingine la Afrika: Limpopo. Aliyemwachia majina hayo ni Korney Chukovsky, mshairi Mrusi wa watoto, mtu ambaye barani humu hakuwahi kukanyaga.

Shairi lenyewe, la mwaka 1929, linaitwa "Aibolit". Ni jina la daktari wa wanyama, na kwa Kirusi ndivyo mgonjwa anavyolia: ai, bolit! Yaani, aa, inauma! Siku moja bweha anamfikia juu ya farasi, ameleta telegramu kutoka kwa Kiboko: njoo Afrika upesi, watoto wetu wanaumwa. Wana malaria, mkamba, dondakoo, hata kidole tumbo. Daktari anauliza, mnaishi wapi, mlimani au kwenye kinamasi? Bweha anajibu: "na Zanzibare, v Kalahari i Sahare", yaani Zanzibar, Kalahari na Sahara, na juu ya mlima wa Fernando-Po, anakotembea Gippo-po kando ya Limpopo pana.

Mwalimu wa jiografia atashika kichwa. Kutoka Zanzibar hadi Kalahari unavuka bahari na nchi kadhaa. Fernando-Po ni kisiwa, ndicho Bioko cha Guinea ya Ikweta. Limpopo nao uko kusini kabisa, unamwaga maji yake Bahari ya Hindi huko Msumbiji. Lakini mwalimu wa ushairi anaelewa papo hapo. Zanzibare, Kalahari, Sahare: vina hivyo. Po, po, Limpopo: vina tena, na kiboko, ambaye kwa Kirusi ni gippopotam, amekatwa jina ili aingie kwenye mstari. Zanzibar iliingizwa shairini kwa ajili ya mlio wake, wala si kwa karafuu.

Na Chukovsky hakuokota milio ovyo. Kwa miaka mingi aliandika maneno ya watoto kama walivyoyatamka, akayakusanya katika kitabu kiitwacho "Kuanzia miaka miwili hadi mitano". Humo aliwawekea masharti wanaotaka kuwatungia watoto: vina vikae karibu karibu, vitenzi viwe vingi na sifa ziwe chache, kila ubeti utoe picha inayoweza kuchorwa, na konsonanti zisirundikane. Sharti hilo la mwisho ni gumu kwa Kirusi, lugha inayoweza kubana konsonanti nne mwanzoni mwa neno bila aibu. Sasa tamka Limpopo. Sisi tuliozoea silabi zinazoishia na irabu hatuoni ajabu yoyote. Kwa mtoto wa Leningrad, kama mji wa St Petersburg ulivyoitwa wakati huo, neno hilo ni peremende. Chukovsky alikuwa analifahamu tayari, kwa kuwa alizifasiri kwa Kirusi hadithi za mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling, mojawapo ikiwa ile ya mtoto wa tembo anayekwenda mto Limpopo kumtafuta mamba.

Kiingereza chenyewe alijifundisha. Alizaliwa St Petersburg mwaka 1882, jina lake halisi Nikolai Korneichukov, mtoto wa nje ya ndoa wa mwanamke wa asili ya wakulima wa Ukraine. Alikulia Odessa, na kwa maelezo yake mwenyewe alifukuzwa shule kwa sababu ya unyonge wa ukoo wake. Mwaka 1903 gazeti la Odessa likamtuma London kuwa mwandishi wake, ingawa Kiingereza alikuwa amekipata vitabuni tu, hata wenyeji walipomsemesha ikawa tabu kuwaelewa.

Hadithi yake ya kwanza ya mashairi aliitunga ndani ya treni, usiku, ili kumtuliza mwanawe mgonjwa, akifuata mdundo wa magurudumu. Ikatoka mwaka 1917: mamba anatembea mitaani, anavuta sigara, anaongea Kituruki. Watoto wakaipenda. Wakubwa wakaja na fimbo. Mwaka 1928 Nadezhda Krupskaya, mjane wa Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi, aliishambulia katika Pravda, gazeti la Chama cha Kikomunisti, na jina la Chukovsky likageuzwa tusi la uandishi usiofaa. Mwishoni mwa 1929 akalazimika kuzikana hadharani hadithi zake. Miaka miwili baadaye binti yake Mura, aliyekuwa na umri wa miaka 11, alifariki kwa kifua kikuu. Katika shairi Aibolit anawatibu wanyama usiku kumi mfululizo, hali wala halali, kwa chokoleti na kipimajoto, na wote wanapona.

Msomaji Mwafrika ana haki ya kununa kidogo. Afrika ya Aibolit ina wanyama watupu, tena wagonjwa, wakimsubiri daktari kutoka kaskazini. Shairi la 1925, "Barmaley", limezidi: linawaonya watoto wasithubutu kwenda Afrika kutembea, maana kuna papa, sokwe, na jambazi mla watu, Barmaley mwenyewe. Anamezwa na mamba, anatoka amekuwa mpole, kisha anahamia Leningrad.

Kumbe hakuwa anahama, alikuwa anarudi kwao. Chukovsky na mchoraji Mstislav Dobuzhinsky walikuwa wakitembea katika mji huo wakakuta Mtaa wa Barmaleev. Barmaley alikuwa nani? Chukovsky akabuni kwamba labda ni Mwingereza wa zamani aitwaye Bromley. Dobuzhinsky akakataa, akasema alikuwa jambazi, akamchora hapo hapo na masharubu yake. Afrika alipelekwa baadaye.