"Damu Iko Safi, Daktari"

Sentensi hii nimeisikia hadi masikio yamechoka: "Daktari, tushampima damu, iko safi." Mama ameishika karatasi ya maabara kama hati ya shamba. CRP, protini ya damu inayopanda mwili ukipambana na maambukizi, ni 6, yaani iko chini. Na mtoto aliye begani mwake amelegea, hanyonyi, kifua kina moto lakini mikono na miguu baridi.

Kabla sijaitazama karatasi huuliza: homa ilianza lini? "Leo alfajiri." Damu ilitolewa lini? "Saa mbili asubuhi." Basi karatasi hiyo bado haina la kusema. CRP hutengenezwa na ini, na ini halikurupuki. CRP huanza kupanda baada ya muda wa saa 6 hadi 12, na kufika kilele baada ya siku moja na nusu au mbili. Kuipima mapema hivyo ni kama kuichungulia feri ya kwanza ya Likoni, usimwone mgeni wako, ukasema hakusafiri. Kipimo kikirudiwa kesho yake chaweza kuwa kimeruka mara kumi, na kesho yake kwa mtoto mwenye sepsisi, yaani maambukizi yanayovuruga viungo vya mwili, ni mbali mno.

Prokalsitonini, kipimo kingine cha damu cha kutafuta maambukizi ya bakteria, ina mbio zaidi. Huanza kupanda baada ya muda wa saa 4 hivi. Sawa, nami huiagiza mzazi akimudu. Lakini hata hiyo ikiwa chini haimtoi mtoto hatarini. Vigezo vya kimataifa vya sepsisi ya watoto vilivyotolewa mwaka 2024 hutazama upumuaji, moyo na mishipa, kuganda kwa damu na fahamu. Lakteti, asidi inayopanda damuni mwili ukikosa oksijeni ya kutosha, imo. CRP haimo, prokalsitonini haimo. Nawaambia na madaktari wenzangu, maana wao pia hujificha nyuma ya namba.

"Malaria imeonekana, basi ndiyo hiyo." Si lazima. Watafiti wa Kilifi, hapa hapa pwani, wameonyesha kwamba malaria humfungulia bakteria mlango. Tena malaria peke yake huipandisha CRP na prokalsitonini pia, kwa hiyo namba kubwa haikwambii ni nani kati ya hao wawili.

Seli nyeupe za damu? Hata degedege peke yake huzipandisha, na sepsisi kali huweza kuzishusha. Widal moja chanya, kile kipimo cha homa ya matumbo? Tafadhali, hiyo si ushahidi.

"Kalcha hukawia, ya nini?" Kalcha, yaani damu inayooteshwa maabara kutafuta bakteria, huchukuliwa kabla ya dawa, kisha dawa haingoji majibu. Mtoto aliyeingia katika mshtuko, yaani damu haifiki vya kutosha viungoni, anatakiwa apate antibiotiki ndani ya saa moja.

Ombi langu ni moja, na wauguzi wangu wamelichoka: andika saa homa ilipoanza. Kwenye simu, kwenye kadi ya kliniki, hata kwenye kiganja. Kisha mfunue mtoto kifua akiwa ametulia, umhesabie pumzi dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, mlete. Mbonyeze ngozi ya kifua kidogo uachie. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, usiulize CRP, tafuta tuktuk. Na aliye chini ya miezi 3 mwenye homa asipitishwe maabara ya mtaani kwanza. Huyo ni wa hospitali moja kwa moja, hata akiwa anacheka.