Ligi iliyovunjika, si ligi iliyokufa

Mpwa wangu ana daftari kubwa ambamo amebuni nchi ya baridi isiyokwisha. Ni mtoto wa Ngamiani, hapa Tanga, na barafu anayoijua ni ile ya ukwaju inayouzwa kwenye vifuko vya nailoni. Lakini katika nchi yake hiyo mito imeganda, na watu wanacheza mpira wa magongo juu yake wakiwa wamevaa viatu vyenye vyuma chini. Zamani, anaandika, kulikuwa na ligi ya kulipwa, na sasa haipo tena. Jioni moja aliwasomea wenzake barazani kwetu. Mmoja akasema, "Kumbe ligi yenyewe imekufa." Wa pili akasema imeshuka daraja. Wa tatu akafunga mjadala: "Ligi hewa tu hiyo."

Maneno hayo matatu nimeyasikia mara nyingi mno, kwenye daladala, vijiweni na hata redioni, na yote matatu si sahihi.

Ligi ni mapatano ya klabu kadhaa kuchezeana kwa ratiba moja, kanuni moja na msimamo mmoja wa pointi. Ligi iliyovunjika ni ile ambayo mapatano yake hayapo tena. Maana ni hiyo tu. Shida iko kwenye kitenzi.

Neno ligi tumelipata kwa Waingereza, nao walilipata kwa Wafaransa, na Wafaransa kwa Waitalia. Mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini ligare, maana yake kufunga, kama unavyofunga mzigo kwa kamba. Mzizi huohuo ndio uliozaa ligamenti, neno ambalo kila mpenzi wa kandanda analijua, kwa sababu mchezaji akichanika ligamenti ya goti tunajua msimu wake umekwisha. Ligamenti hufunga mfupa kwa mfupa, na ligi hufunga klabu kwa klabu. Sisi watu wa Tanga tumekulia kwenye mkonge, kwa hiyo jambo hili lisitupe tabu: kamba ikifumuka, nyuzi hazitoweki. Kilichoondoka ni msokoto uliozishika pamoja. (Inanisikitisha kwamba neno lililoanza kwa maana ya kufunga watu pamoja, leo vijana wanalitumia kwa ubishi: "wameweka ligi," "acha ligi." Lakini hilo nitaliacha.)

Sasa tazama Kiswahili kinavyovitendea vitu vya mapatano. Ndoa huvunjika. Mkutano huvunjika. Bunge huvunjwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka leo wazee wanasema hivyohivyo, ilivunjika. Kenya, Uganda na Tanzania zilibaki palepale, na mwaka 1999 zikakutana Arusha kutia saini mkataba mpya. Ingekuwa imekufa, pale Arusha tungekuwa tumefufua maiti.

Na kufa nako kuna maana yake, tena tofauti kabisa. Ukimwambia jirani kwamba ndoa ya fulani imekufa, hujamwambia kwamba wameachana. Umemwambia kwamba bado wanaishi nyumba moja, ila mapenzi hayapo. Ligi ni vilevile. "Ligi imekufa" ni lawama ya shabiki kwa ligi iliyopo: ratiba inapanguliwa kila wiki, majukwaa matupu, bingwa anajulikana mapema. Kwa hiyo anayesema ligi ya kwenye daftari la mpwa wangu imekufa, anatuambia bado inachezwa ila haina mvuto. Mwandishi anatuambia haichezwi kabisa. Hizo ni hadithi mbili tofauti.

Kushuka daraja ndiko rahisi zaidi kukusahihisha, na sisi hapa Tanga ndio tungepaswa kuwa walimu wa wengine. Msimu wa 2015/16 klabu zetu zote tatu, Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT, zilishuka kutoka Ligi Kuu kwa mkupuo mmoja. Uwanja wetu wa Mkwakwani ukapoa. Nakumbuka watu wakisema "ligi imeondoka," na kwa uchungu ule naelewa walichokuwa wakisema. Lakini ligi ilikuwa ikiendelea kama kawaida, na ndiyo maana Coastal Union iliweza kurudi ndani yake mwaka 2018. Timu hushuka. Ligi haina mahali pa kushukia.

Kama kuna mfano mmoja wa kumaliza ubishi huu, basi unatoka kwenye mchezo uleule wa daftari la mpwa wangu, ila kwenye dunia yetu halisi. Mwaka 1972 Marekani na Kanada zilipata ligi mpya ya kulipwa ya magongo ya barafuni, WHA, iliyoanzishwa kushindana na NHL iliyokuwepo tangu 1917. Ilianza na timu 12, ikamwaga fedha, ikawachukua wachezaji wakubwa. Bobby Hull alihamia Winnipeg Jets, na Gordie Howe, aliyekwisha kustaafu, akarudi kucheza Houston pamoja na wanawe wawili. Mwaka 1978 kijana wa miaka 17, Wayne Gretzky, alisajiliwa na Indianapolis Racers, akacheza mechi nane tu, kisha akauzwa Edmonton kwa sababu timu haikuwa na fedha. Desemba ya mwaka huohuo Indianapolis ikasimama katikati ya msimu, haikurudi tena.

Hapo neno kufa ni halali. Timu ilikufa, na ligi ikaendelea kuchezwa bila yake mpaka msimu ukaisha. Mwaka 1979 mambo yakageuka: WHA yenyewe ikavunjika kwa makubaliano na NHL. Timu nne, yaani Edmonton, Winnipeg, Quebec na ile ya New England, zikaingia NHL. Mbili zilizobaki, Cincinnati na Birmingham, zikalipwa fidia zikakaa pembeni. Miaka mitano baadaye, mwaka 1984, Edmonton walikuwa mabingwa wa NHL. Ukisema WHA ilikufa, utamweleza vipi mtu kwamba timu yake ilitwaa ubingwa baada ya mazishi?

Kuna tofauti nyingine ndogo ambayo Kiswahili kinatupa bure nasi hatuitumii: kuvunjika na kuvunjwa. Kuvunjika hakutaji mkono wa mtu. Kuvunjwa kunamtafuta mvunjaji. Kabla ya NHL kulikuwa na ligi iitwayo NHA, iliyoanza mwaka 1909. Wenye timu wenzake walimchoka Eddie Livingstone, mmiliki wa timu ya Toronto, na kumfukuza ikawa vigumu. Novemba 1917 wakakutana Montreal, wakaanzisha ligi mpya bila yeye, wakamwachia ile ya zamani ikiwa ganda tupu. Hiyo haikuvunjika. Ilivunjwa, na waliovunja wanajulikana.

Nirudi kwa yule wa tatu, wa "ligi hewa." Neno hewa tumelijua vizuri tangu ule uhakiki wa wafanyakazi wa serikali mwaka 2016. Mfanyakazi hewa ni jina lililo kwenye orodha ya mishahara bila mtu, limewekwa pale ili fedha ichotwe. Ndani ya hewa kuna udanganyifu. Mtunzi hadanganyi mtu. Anasema wazi kwamba nchi hii nimeibuni, na watu wake, na ligi yao. Hiyo ni ligi ya kubuni, na ndani ya nchi yake inaweza kuanzishwa, kuchezwa na kuvunjika kwa sababu zinazoingia akilini kama ligi nyingine yoyote. Kumwita kijana anayetunga mtu wa hewa ni kumkosea heshima.

Na tafadhali tusiseme hoki ya theluji. Theluji ni ile inayoanguka laini na kulala juu ya Kibo. Mchezo huu unachezwa juu ya barafu, maji yaliyoganda yakawa magumu, ili kile kisahani kinachopigwa kwa magongo kiweze kuteleza. Ajabu ni kwamba neno barafu limetoka Kiajemi, na kwao Waajemi barf ndiyo theluji hasa. Lilipofika kwetu likawa maji magumu, na theluji tukaichukua kwa Waarabu.

Wale vijana barazani sikuwagombeza. Niliwaambia tu, wanangu, semeni imevunjika, halafu muulizeni mwenzenu klabu zilikwenda wapi. Mpwa wangu aliichukua kalamu, akakata "haipo tena" kwenye ukurasa wake, akaandika "ilivunjwa." Kisha akakaa kimya kidogo, akaniuliza, "Mjomba, sasa si itabidi niseme ilivunjwa na nani?"

Nikamwambia ndiyo, itabidi.