Biashara ya Dawa za Kulevya Ilikotoka, na Nani Anayelipa Gharama Zake

Wengi huamini kwamba biashara ya dawa za kulevya duniani ilianzishwa na majambazi. La hasha. Kwa sehemu kubwa ilikuzwa na dola, mchana kweupe. Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ilisimamia kilimo cha kasumba (afyuni) huko Bengal, India, na kuiuza kwa mnada Calcutta, kisha wafanyabiashara binafsi wakaivusha kwa magendo hadi China, ambako ilikuwa imepigwa marufuku. Fedha zake zilisaidia kulipia chai ya Waingereza. Mwaka 1839 Lin Zexu, mjumbe wa mfalme wa China, alipoharibu makasha zaidi ya 20,000 ya kasumba huko Humen, Uingereza ilijibu kwa manowari. Vita vilipokwisha mwaka 1842, China ilikuwa imekikabidhi kisiwa cha Hong Kong kwa Uingereza.

Hata heroini iliwahi kuwa bidhaa halali: kampuni ya Bayer iliiuza kuanzia mwaka 1898, ikiinadi kama dawa ya kikohozi. Udhibiti wa kimataifa ulikuja baadaye, kwa mkataba wa The Hague wa mwaka 1912, kisha mikataba ya Umoja wa Mataifa ya 1961, 1971 na 1988.

Marufuku hizo zilikuwa na sababu za msingi, ila ziliacha pengo kubwa la bei. Mkulima wa mpopi, mmea unaotoa kasumba ambayo hutengenezewa heroini, au wa koka, mmea wa kokeini, hupata kidogo mno. Mzigo hupanda thamani kila unapovuka mpaka, kwa sababu kila anayeugusa anadai malipo ya hatari anayoibeba. Ndiyo maana ukiuziba mlango mmoja, mwingine hufunguka. Taliban walipopiga marufuku kilimo cha mpopi mwezi Aprili 2022, mashamba ya Afghanistan yalipungua kwa takribani asilimia 95 kufikia mwaka uliofuata, na Myanmar ikashika nafasi ya kwanza kwa uzalishaji wa kasumba. Fentanili na methamfetamini, dawa za kulevya za maabara, zinatutia wasiwasi zaidi, kwani hazihitaji shamba wala mvua. Zinahitaji kemikali bashirifu, yaani malighafi za kuzitengenezea, na mtu anayejua kuzichanganya, basi.

Nchi za mapito hujidanganya zikidhani mzigo unapita tu. Heroini ya Afghanistan imekuwa ikisafirishwa kwa majahazi kutoka pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, hadi Afrika Mashariki. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata zaidi ya kilo 1,000 karibu na pwani ya Kenya. Katika njia kama hizi, wasaidizi wa ndani mara nyingi hulipwa kwa sehemu ya mzigo wenyewe badala ya fedha, na sehemu hiyo huuzwa papo hapo. Soko la unga huzaliwa hivyo, mahali ambapo mpopi haujawahi kupandwa.

Kisha huja sindano za kuchangia, na pamoja nazo VVU na homa ya ini aina ya C. Huja rushwa bandarini. Huja pia vijana wanaomeza kete ili wapande ndege; kete moja ikipasuka tumboni inaweza kuua kabla ndege haijatua.

Tiba ipo. Methadoni, dawa mbadala wa heroini inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu wa afya, hupunguza kujidunga na vifo vya kuzidisha dozi. Lakini bili ya kliniki hiyo hubaki kwa nchi ya mapito, wakati faida ya mzigo imekwisha kutakatishwa mbali, ikageuzwa majumba na hisa za kampuni.