Je, Biashara Ndogo Hufa kwa Kukosa Mtaji Tu?

Wafanyabiashara wengi wa soko la Kibuye, hapa Kisumu, huamini kibanda hufungwa kwa sababu moja: mtaji mdogo. Ongeza pesa, biashara itasimama. Imani hiyo ina msingi, kwani bila mtaji huwezi kununua kwa bei ya jumla wala kuvumilia mwezi mbaya. Lakini zipo sababu nyingine: mahali ulipo, wateja wanaokopa, ushindani, na hasa pesa za biashara kuchanganywa na za nyumbani.

Hili la mwisho halionekani haraka. Tuseme mama anauza omena za shilingi 3,000 kwa siku. Amezinunua kwa 2,400, nauli 150, ushuru wa soko 50. Faida ni 400. Jioni anatoa 550 za unga, mafuta na mahitaji ya shule. Mtaji unapungua 150 kila siku, ingawa wateja wamejaa. Akipewa mkopo wa 3,000, utaisha kwa siku 20, hata kabla ya riba. Si uzembe, watoto lazima wale.

Ili kujua tatizo lako, chukua daftari. Mwanzo wa mwezi hesabu bidhaa, pesa taslimu, zilizo kwenye simu na madeni unayodai. Andika kila unachopeleka nyumbani, kisha rudia hesabu mwisho wa mwezi. Jumla ikishuka ilhali mauzo ni yale yale, usikimbilie mkopo. Tafuta kwanza pesa zinapopotelea. Jumla ikiwa imara lakini bidhaa zinaisha wateja wangali wanauliza, hapo mtaji ndio unaokosekana kweli.