Mtu, Kitu na Uhuru: Yanayodhaniwa Kuhusu Udhanaishi na Yaliyosemwa Kweli

Mwaka jana, katika kikao cha ukoo kilichofanyika nyumbani kwa dada yangu huku Buswelu, mpwa wangu aliyekuwa ameajiriwa hapa Mwanza miezi michache kabla alisimama, akawaamkia wazee, kisha akasema kwa upole kwamba hatachangia ada ya chuo ya mdogo wake wa kike, kwa kuwa yeye ni mtu huru na kila mtu ana maisha yake. Wazee waliguna. Akaongeza kwamba hata wanafalsafa wakubwa wa Ulaya wamefundisha hivyo. Mimi ni mjomba wake, na nimefundisha fasihi ya Kiswahili kidato cha tano na cha sita kwa miaka mingi, kwa hiyo nilijua alikolitoa neno hilo: ni katika udhanaishi, falsafa inayohoji maana ya kuwapo kwa mtu na uhuru wake wa kuchagua. Nikajua pia kwamba amelibeba nusu. Dhana ninazozieleza hapa nimekutana nazo katika insha za wanafunzi na katika vikao kama kile, nami nimeziweka karibu na yale ambayo wanafalsafa wenyewe waliyasema.

“Udhanaishi ni falsafa ya kukata tamaa”

Sentensi hii naikuta katika insha kuliko nyingine yoyote, na sababu yake naielewa. Mwanafunzi wa Kitanzania hukutana na udhanaishi kwanza katika riwaya za Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo kisiwani Ukerewe, na katika *Kichwamaji* ya mwaka 1974 mhusika mkuu, Kazimoto, anajiua. Kijana anafunga kitabu akiwa na hakika kwamba hilo ndilo fundisho. Hata hivyo, riwaya inayomwonyesha mtu akielemewa na swali haimwamuru msomaji naye aelemewe.

Mwandishi Mfaransa Albert Camus alichapisha insha yake kuhusu Sisifu, yule wa hekaya za Kiyunani aliyehukumiwa kupandisha jiwe mlimani milele, mwaka 1942, wakati Ufaransa ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, na alianza kwa kuuliza waziwazi kama maisha yasiyo na maana iliyoandaliwa tangu awali yanastahili kuishiwa. Jibu lake lilikuwa kwamba yanastahili, na kwamba kujiua ni kulikimbia swali badala ya kuishi nalo. Miaka mitano baadaye alitoa riwaya kuhusu mji uliokumbwa na tauni, ambamo daktari anaendelea kuwatibu wagonjwa usiku na mchana bila kuahidiwa ushindi wowote. (Camus alikataa kuitwa mdhanaishi, jambo ambalo sisi walimu hulipita haraka tunapoandika jina lake ubaoni.)

Mwanafalsafa Mfaransa Jean-Paul Sartre naye, katika mhadhara alioutoa Paris tarehe 29 Oktoba 1945, alianza kwa kuzijibu shutuma hizihizi. Wakomunisti walisema falsafa yake inawafanya watu wakae tu, na Wakatoliki wakasema inatazama uchafu wa binadamu peke yake. Aliwajibu kwamba huenda kinachowatisha watu ni jinsi falsafa hiyo inavyomwachia mtu nafasi ya kuchagua.

“Uhuru ni kufanya upendalo”

Hapa ndipo alipojikwaa mpwa wangu, na hakuwa wa kwanza. Ili tuelewane inafaa kuanza na chombo. Fundi anayechonga kasia anajua kasia ni la kazi gani kabla hajashika tezo; matumizi yalitangulia, kasia likafuata. Sartre alitumia mfano wa kisu cha kukatia karatasi, lakini kwetu kasia linatosha. Alichodai ni kwamba mtu hakuchongwa kwa namna hiyo: huwapo kwanza, kisha kwa matendo yake ndipo anapojifanya kuwa mtu wa aina fulani. Kutokana na hapo uhuru hauna budi kuwa mzigo, kwa sababu ukiwa umejifanya mwenyewe huna wa kumsingizia.

Asubuhi moja pale Igombe, kando ya ziwa, niliketi na mvuvi aliyekuwa anakunja kokoro, wavu unaovutwa hadi nchi kavu. Wavu ulikuwa bado na maji, na katika matundu yake madogo walikuwa wamenasa sato wasiozidi urefu wa kidole, magamba yao laini yaking'aa. Kina mama wawili walikuwa wakiwachopoa mmojammoja na kuwatia katika beseni. Kila mmoja wetu pale alijua kwamba kokoro limepigwa marufuku, kama vile kila mmoja anavyojua kwamba sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi. Nilimuuliza anaionaje kazi hiyo. Alinijibu bila kuinua macho: “Sina la kufanya, mwalimu. Kila mtu anavuta.”

Maneno hayo mafupi yana mambo mawili ambayo Sartre alijitahidi sana kuyatenganisha. La kwanza ni hali ambayo mtu hakuichagua: mvuvi huyu hakuchagua kuzaliwa mahali ambapo shamba ni dogo, wala hakuchagua kwamba wavu ni mali ya tajiri anayekaa mjini na anayetaka hesabu yake jioni. La pili ni kule kulifanya jambo ambalo mtu amelichagua lionekane kama jambo lililomwangukia. “Kila mtu anavuta” ni habari kuhusu watu wengine, haina nguvu ya amri, lakini mtu akiisema mara nyingi huanza kuisikia kama amri. Sartre aliliita jambo hilo kujihadaa, na alilikemea kwa kuwa mwenye kujihadaa anautumia uhuru wake kuthibitisha kwamba hana uhuru. Alisema pia kwamba mtu anapochagua, huwa anachora picha ya binadamu ambayo wengine wote wanaweza kuifuata, na kwa hiyo yampasa ajiulize ingekuwaje kama kila mmoja angefanya vivyo hivyo. Pale Igombe swali hilo halihitaji kubuniwa. Jibu lake linaonekana ndani ya beseni.

Lakini sitamtwisha mvuvi huyo peke yake, na haki inanidai niseme kwamba Sartre naye alikuja kuona kuwa alikuwa ameutia chumvi uhuru. Katika miaka yake ya baadaye alikiri kwamba baadhi ya aliyoyaandika mwanzoni, kwamba mtu yuko huru kuchagua katika hali yoyote ile, yalimshangaza mwenyewe. Na katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1960 alitoa nafasi pana kwa uhaba, yaani hali ya vitu kutowatosha watu wote, ambayo humfanya jirani aonekane tishio. Mwanafalsafa Simone de Beauvoir, mwenza wake, alikuwa ameliona hilo mapema zaidi. Katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1947 alieleza kwamba kuna watu ambao wengine wamewafungia njia zote za mbele, na kwamba anayetaka kuwa huru kwa kweli hana budi kuutaka pia uhuru wa hao wengine. Tajiri mwenye wavu, kwa kipimo hicho, ana la kujibu kuliko mtu anayeuvuta.

Katika mhadhara uleule wa 1945 Sartre alisimulia habari za mwanafunzi wake mmoja wakati wa vita. Kaka yake alikuwa ameuawa mwaka 1940, na mama alikuwa amebaki na mtoto huyo mmoja tu wa kumtegemea. Kijana alitaka kwenda Uingereza kujiunga na majeshi ya Wafaransa Huru, naye alijua kwamba kuondoka kwake kungemzamisha mama katika majonzi. Alipomwendea mwalimu wake kwa ushauri, alijibiwa: uko huru, chagua. Wapo wanaolisoma jibu hilo kama ruhusa ya kufanya lolote. Mimi nalisoma kinyume chake, kwa sababu mwisho wa kila njia kati ya zile mbili palikuwa na watu ambao kijana angewajibika mbele yao, na njia ya tatu, ya kutowajibika kwa yeyote, haikuwapo.

“Jehanamu ni watu wengine”

Kauli hii husambazwa kana kwamba ni ushauri wa kuwakimbia watu. Inatoka katika tamthilia ya Sartre iliyoonyeshwa Paris mwaka 1944, na ni vizuri kukumbuka nani anaisema na wapi. Watu watatu waliokwisha kufa wamefungiwa katika chumba kimoja kisicho na kioo, na kwa kuwa hakuna kioo, kila mmoja anategemea macho ya mwenzake ili ajue yeye ni nani: mmoja anataka aambiwe kwamba hakuwa mwoga, mwingine anataka atamaniwe. Karibu na mwisho mlango unafunguka. Hakuna anayetoka.

Sartre alieleza baadaye kwamba hakukusudia kusema uhusiano na watu wengine daima ni sumu. Alikusudia kwamba uhusiano huo ukiwa umepinda, na mtu akawa ameikabidhi nafsi yake yote kwa hukumu ya wengine, hapo ndipo wanapogeuka jehanamu kwake. Anayeishi kwa hofu ya “watasemaje” anakijua chumba hicho.

“Uhusiano ni hisia”

Mwanafalsafa Martin Buber alichapisha kitabu chake kuhusu Mimi na Wewe mwaka 1923, na sisi tunaosema Kiswahili tunaweza kukielewa kwa haraka kuliko wengi, kwa kuwa lugha yetu imekwisha kufanya nusu ya kazi. Shina letu ni moja, *-tu*. Weka kiambishi kimoja unapata mtu, badilisha unapata kitu, na ukitafuta kile kinachomfanya mtu awe mtu unapata utu. Buber alisema kwamba neno “mimi” halisemwi kamwe peke yake: husemwa ama pamoja na “wewe”, ama pamoja na kitu, na “mimi” huyo habaki yuleyule katika hali hizo mbili.

Ukienda Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, alfajiri magunia ya dagaa yanapopakiwa, utasikia sauti ikiita: “Wewe mkokoteni, njoo!” Anayeitwa ni mwanaume mwenye mkokoteni, na kwa sekunde ile ameitwa kwa jina la chombo chake. Hatua chache pembeni mama mmoja muuza dagaa anamsalimu mtu huyohuyo: “Mwangaluka,” kisha anamuuliza kama mtoto amepata nafuu, ndipo anapotaja idadi ya magunia. Bei ni ileile na mzigo ni uleule. Nimesimama pale mara nyingi nikiliangalia jambo hili, na kila mara namwona yule mwanaume akiushika mkokoteni kwa namna nyingine.

Msomaji anaweza kudhani Buber anatutaka tuwe na moyo mkunjufu kwa kila mtu saa zote. Hakusema hivyo. Alikubali kwamba hakuna anayeweza kuishi bila kuhesabu, kupanga na kutumia, na kwamba soko halitaendeshwa kwa mazungumzo ya moyoni. Alichoonya ni kwamba anayeishi na vitu tu, bila kukutana na “wewe” hata mara moja, amepoteza utu wake mwenyewe. Zaidi ya hayo, alitenganisha hisia na upendo. Hisia hukaa ndani ya mtu, ilhali upendo hutokea kati ya wawili, na ndiyo sababu mtu anaweza kuwa na hisia kali juu ya mwenzake bila ya kuwa amewahi kukutana naye.

Kutokana na hili inaanguka pia imani kwamba ahadi huua uhuru, na kwamba wanafalsafa hawa waliipinga ndoa. Ni kweli kwamba Sartre na de Beauvoir hawakuoana, ingawa walikuwa wenza tangu mwaka 1929 hadi Sartre alipofariki mwaka 1980. Huo ulikuwa mpango wao, nao hawakuufanya sheria kwa wengine. De Beauvoir alichokidai mwaka 1949 ni kwamba upendo wa kweli lazima usimame juu ya watu wawili wanaotambuana kuwa huru, na kwamba mwanamke anayelelewa aone mume ndiyo maisha yake yote amenyimwa upendo huohuo anaoahidiwa. Mwanafalsafa Mfaransa Gabriel Marcel, kwa upande wake, aliona uaminifu kuwa tendo la kila siku la uumbaji, kwa kuwa anayetimiza ahadi leo si yule aliyeitoa miaka kumi iliyopita.

“Wote walikuwa wakanamungu”

Marcel alibatizwa Mkatoliki mwaka 1929. Buber alikuwa Myahudi mcha Mungu. Søren Kierkegaard wa Denmark, anayehesabiwa kuwa baba wa mkondo huu, alikuwa Mkristo aliyeandika dhidi ya kanisa la nchi yake kwa sababu aliona limeifanya imani kuwa nyepesi mno.

“Mwafrika ni jamii tu, maswali haya si yake”

Wenye kauli hii huwa na nia ya kututetea, na ndiyo maana ni ngumu kuikosoa. John Mbiti wa Kenya aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwamba Mwafrika husema: nipo kwa sababu tupo, na kwa kuwa tupo, basi nipo. Sisi tunasema kwa ufupi kwamba mtu ni watu. Ifeanyi Menkiti wa Nigeria alikwenda mbali zaidi mwaka 1984, akidai kwamba utu hupatikana kidogokidogo kwa kuingizwa katika jamii. Lakini Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga: jamii humlea mtu, alisema, ila mtu huyo ana akili yake, ana uwezo wa kupima, na ndiyo maana anaweza kuitazama desturi na kusema hapana. Kwa hiyo ubishi kuhusu mtu binafsi na jamii umefanywa na Waafrika wenyewe, vitabuni na vyuoni. Hata riwaya ya Kazimoto iliandikwa na mtu wa ng'ambo ya maji haya tunayoyaona kutoka Kirumba, ambako meli hufika mchana uleule.

Namrudia mpwa wangu, kwa kuwa Gyekye ndiye aliyenifanya nikifikirie upya kile kikao. Kiasi cha kila mtu kilikuwa kimekwisha kupangwa na sisi wazee wiki moja kabla. Yeye tulimwita aje kusikia, hatukumwita aje kusema. Jumapili iliyofuata nilimfuata kwake Nyegezi, nikamweleza habari za yule mwanafunzi na mama yake, naye akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: “Sasa mjomba, mbona mimi hamkuniuliza?” Sikuwa na jibu, nikamwambia hivyo.

Mwisho wa mwezi alimpelekea mdogo wake fedha mwenyewe, chini ya kiasi tulichokuwa tumekiandika. Kaka yangu mkubwa alitaka zirudishwe. Binti alikwisha kuzilipa chuoni.