Kivumbasi ni kilekile, mafuta siyo yaleyale: tunavyopima harufu ya majani ya dawa

Watu wanaotuletea majani hapa maabara Dodoma karibu wote wanaanza na swali moja, eti hii ni dawa kweli? Na huku anauliza anafikicha jani mkononi anakusogezea puani unuse, maana kwetu harufu kali ndio inahesabika ushahidi. Sasa harufu inakwambia kuna kitu, ila haikwambii ni kitu gani wala kipo kiasi gani, na hapo ndio kazi yetu inaanza.

Mkaratusi, mchaichai, kivumbasi, hata ubani, vyote vinanukia kwasababu vina kemikali nyepesi zinazoruka hewani haraka. Kuzitoa tunachemsha. Tunachukua majani tuseme gramu 200, tunayatia kwenye chupa ya kioo yenye maji, juu yake tunafunga kifaa kinaitwa Clevenger, kipo tangu 1928 na mpaka leo sijaona sababu ya kukiacha, tunachemsha kama masaa matatu. Mvuke unapanda na mafuta, unapita kwenye bomba linalopozwa na maji baridi, unadondokea kwenye kijibomba chenye alama za mililita, mafuta yanaelea juu, maji yanarudi kwenye chupa kuendelea kuchemka, wewe unasoma tu yamefika alama gani. Ukipata mililita moja na nusu umefanya vizuri, kwahiyo ukiona chupa kubwa ya "mafuta asilia ya mchaichai" inauzwa buku mbili jiulize kidogo.

Kuna wanaobisha hapo. Sineoli, ambayo ndio kemikali kuu kwenye mafuta ya mkaratusi, inachemka nyuzi 176, sasa inatokaje kwenye maji ya nyuzi 100? Tena hapa Dodoma hata 100 hatufiki, tupo zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye 96 hivi. Ni kwamba maji na mafuta havichanganyiki, kila kimoja kinasukuma mvuke wake kivyake, misukumo hiyo miwili ikijumlishwa ikalingana na ya hewa ya nje basi kinachemka, kabla hata maji peke yake hayajafika. Ndio maana nyungu inanukia nyumba nzima, na ndio maana ukichemsha sufuria bila mfuniko nusu saa halafu unywe yale maji, sehemu kubwa ya kilichokuwa kinanukia umeshawagawia majirani.

Na kuanika ni hivyohivyo. Jua la hapa la mwezi wa kumi, majani yametandazwa juu ya bati, jioni yamekauka safi kabisa na mafuta yamepungua vibaya. Anika kivulini penye upepo.

Mafuta yakipatikana yanaenda kwenye mashine ya GC-MS, inayotenganisha kemikali zilizochanganyika na kuzitambua moja moja, tunatia mikrolita moja tu, yaani sehemu ya elfu ya mililita, na hiyo yenyewe tumeipunguza makali na kiyeyusho kinaitwa heksani. Yanasukumwa na gesi ya heliamu ndani ya bomba la mita 30 lililozungushwa kama koili, tundu lake robo milimita, huku oveni inapanda joto taratibu. Humo ndani kemikali zinaachana, ni kama watu wanaokatiza soko la Majengo, mmoja anapita moja kwa moja mwingine anasimama kila meza kuuliza bei. Kila inayotoka inapigwa na elektroni inavunjika vipande, kompyuta inapima uzito wa vile vipande na kulinganisha na maktaba yake.

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanaponzwa. Kompyuta inaleta jina, wanaandika, wamemaliza. Wakati pinini, limonini na mirsini, kemikali zinazopatikana sana kwenye mafuta ya aina hii, zote uzito wa molekuli yake ni 136 na vipande vyake vinafanana mno, maktaba inaweza kukutajia yoyote. Lazima uangalie na muda iliotoka, tunaulinganisha na mlolongo wa haidrokaboni tunazozijua, yaani kemikali za kaboni na haidrojeni tu, tunapata namba, alfa-pinini inakuja kwenye 939 hivi, mirsini 990, limonini karibu 1030. Namba na jina visipokubaliana, jina linafutwa.

Faida yake utaiona kwenye kivumbasi, ule mkubwa, Ocimum gratissimum. Mmea huohuo mmoja, majani yaleyale, wa shamba hili unaweza kujaa eujenoli, ile ya karafuu ambayo madaktari wa meno wanaitumia, wa shamba lingine ukajaa kemikali nyingine, thaimoli, na upo hadi wa jeranioli. Kwa macho huitofautishi. Kwahiyo mama mmoja akisema kivumbasi chake kilimsaidia na jirani yake akasema hakijamfanya kitu, inawezekana wote wanasema ukweli, walikuwa na mafuta mawili tofauti.

Ila ripoti yetu ikisema eujenoli asilimia 70 ujue ni asilimia ya yale mafuta, siyo ya jani, wala siyo dozi. Na asilia haimaanishi salama, mafuta ya mkaratusi yakimezwa na mtoto, hata kijiko kimoja cha chai, yanaweza kumletea degedege, yawekwe mbali kabisa. Tena kuna dawa ambazo hii mashine haizioni vizuri kwasababu haziruki hewani, uchungu wa mwarobaini kwa mfano, huo unahitaji vipimo vingine.

Ukituletea majani yalete kwenye bahasha ya khaki au gazeti, siyo mfuko wa plastiki, yanavunda humo. Weka na tawi lenye maua ili mtaalamu wa mimea aweze kulitambua, maana jina la Kigogo kijiji hiki linaweza kuwa la mti mwingine kijiji kile. Andika umechuma wapi, tarehe, asubuhi au mchana, na kama mvua zilikuwa zimeshaanza.