Kano ya bega "isiyoshoneka" ina maana gani?

Kano nne, yaani nyuzi ngumu zinazounganisha misuli na mfupa, hukizunguka kichwa cha mfupa wa mkono kama kola ya shati. Msuli wa deltoidi, ule mnene unaofunika bega, ndio unaonyanyua mkono. Kano hizi hukibana kichwa kisiteleze kwenda juu. Zikikatika mbili au zaidi, au mwanya ukifika sentimita 5, huo ni mchaniko mkubwa. Lakini mkubwa si lazima uwe hauwezi kushonwa, na hapa ndipo wagonjwa wengi huchanganywa.

Isiyoshoneka ni kano ambayo daktari ameiondolea makovu yote, akaivuta kwa koleo, na bado haifiki pale ilipong'oka. Akiilazimisha, uzi huipasua kama unavyopasua embe lililoiva. Dalili huonekana mapema. Kwenye MRI, picha ya mwili inayopigwa kwa sumaku, msuli wa kano hiyo umeingiwa na mafuta: kwa kipimo cha Goutallier, cha 0 hadi 4, daraja la 3 ni mafuta sawa na nyama, la 4 ni mafuta kuzidi. Kwenye eksirei, nafasi kati ya kichwa cha mfupa na paa la bega imeshuka chini ya milimita 7. Mafuta hayo kwa kawaida hayaondoki hata kano ikirudishwa.

Si kila mtu hupasuliwa. Wazee wengi hupata nafuu kwa mazoezi ya kuimarisha deltoidi. Yakishindwa, umri na hali ya gegedu, ule utando laini unaofunika mifupa kwenye kiungo, ndivyo huamua.

Mtu ambaye hajazeeka na gegedu lake ni zima anaweza kuhamishiwa msuli: ule mpana wa mgongoni, au sehemu ya chini ya trapezi, msuli wa shingoni hadi katikati ya mgongo, ikirefushwa kwa kano ya kisigino ya mtu aliyefariki. Kazi ngumu huja baadaye, kwani msuli uliozoea kuvuta mkono chini sharti ufundishwe kuuzungusha nje. Njia nyingine, iliyoanzishwa na Mihata wa Japani, ni kupachika utando mnene wa pajani kati ya kombe la bega na kichwa cha mfupa, uwe kizuizi. Ukiwa mwembamba hulegea au kuchanika.

Gegedu likiisha, hasa kwa mzee, huwekwa bega bandia la kinyume, lililobuniwa na Paul Grammont wa Ufaransa mwaka 1985. Tufe hufungwa kwenye kombe la bega, kikombe kwenye mkono. Kitovu cha mzunguko husogea ndani na chini, deltoidi hupata wenzo mrefu na kuunyanyua mkono bila zile kano. Kwa hiyo deltoidi na neva yake vikiwa vimekufa, upasuaji huu haufai; vipimwe kwanza. Nguvu ya kuzungusha mkono nje mara nyingi hairudi yenyewe.

Matatizo yake ni maambukizi, ufa kwenye paa la bega, na kuteguka. Bega hili huteguka mkono ukienda nyuma ya mwili huku umegeuzwa ndani. Wiki za mwanzo mgonjwa asichomeke shati kwa nyuma kwa mkono huo, wala asiuegemee anapoinuka kitini.